Udhu wa saa nzima, na nauli ya kwenda kwa mwanasaikolojia

Kwa takriban miaka miwili hesabu za maji katika msikiti wetu hazikulingana. Daftari la matumizi hukaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati, na kila nilipolifungua mwisho wa mwezi nilikuta fedha ya maji imepita kadirio. Wasomaji wasioijua Suguti, huku Musoma Vijijini, huenda wakashangaa: kwani ziwa si lile pale? Ziwa tunaliona, lakini kuliona ziwa si kuwa na maji tangini. Kila dumu la lita 20 hubebwa, na mbebaji hulipwa.

Aliyekuwa akiyamaliza ni muumini mmoja, kijana wa miaka 20 na kitu, mchuuzi wa dagaa. Udhu wake mmoja ulikunywa madumu mawili. Adhana ya alasiri ilimkuta akiosha mkono wa kulia, iqama ikamwacha akiurudia mkono ule ule, na alipofika kwenye safu imamu alikuwa keshatoa salamu. Akisimama kuswali peke yake, takbira ya kuhirimia aliirudia mara saba, mara kumi, kwa kuwa kila mara alihisi nia haikuambatana na tamko.

Kamati ilikaa kikao juu yake bila ya yeye kuwapo. Nami nilikuwamo, tena ndiye niliyeandika muhtasari, hivyo lawama sitaikwepa. Tulilijadili jambo lile kama israfu. Mmoja wetu alitaka azuiwe kutumia tangi. Mwingine akasema yule ana jini, apelekwe kusomewa. Akasomewa, na kisomo ni jambo jema, lakini madumu hayakupungua. Mimi, kwa kuwa nimepita chuo cha Kiislamu na fiqhi nimesomeshwa, nikajitwika kazi ya kumwelimisha.

Basi akawa haniachi. Baada ya kila swala alinisubiri mlangoni. "Ustadh, tone likiruka kutoka ardhini likanirudia mguuni, udhu upo?" Namjibu upo. "Na kama sina hakika pale liliporuka palikuwa safi?" Namkumbusha ile kanuni ya fiqhi ambayo kila mwanafunzi huisoma, kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Uso wake hufunguka, ananishukuru, anakwenda. Baada ya swala inayofuata yuko pale pale, na swali lile lile limevaa kanzu nyingine. Siku moja niliyahesabu: maswali 14 kati ya adhuhuri na isha. Nilidhani ninachuma thawabu za subira. Baadaye nilikuja kuelezwa, na mtu ambaye hata si Muislamu, kwamba nilikuwa nikiulisha ugonjwa wake.

Mama yake ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja nyumbani kwangu jioni moja, akakataa kiti, akaketi mkekani. "Ustadh mwanangu," akasema, "ninyi mnasema maji ya msikiti. Mimi nasema mtoto." Hapo ndipo nilipojua kwamba kijana alikuwa ameacha biashara kwa hofu kuwa shombo la dagaa ni najisi, kwamba kanzu zake mbili zimechanika kwa kufuliwa, kwamba halali kabla ya saa nane usiku, na kwamba amemwambia mzazi wake heri asingezaliwa.

Tulianzia zahanati, kama inavyopasa. Mganga pale hakucheka wala hakutaja majini. Aliandika barua ya rufaa, na mratibu wa afya ya akili wa wilaya akatuelekeza kwenye hospitali moja ya serikali mjini, ambako siku maalumu za wiki hukaa mwanasaikolojia tiba.

Jina hilo linahitaji maelezo, kwani wengi wetu tukisikia "daktari wa akili" tunaona picha moja tu. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni mtu aliyesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika maradhi hayo. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hakusomea udaktari, bali elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, kisha akafundishwa namna ya kuitumia elimu hiyo katika kutibu. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili katika fani hiyo. Haandiki dawa wala hachomi sindano. Vifaa vyake ni maswali, kalamu, saa ya ukutani, na kazi anazompa mgonjwa akazifanye nyumbani. Wala kazi yake si kumliwaza mtu na kumwambia ajipe moyo. Kwa hilo hatuhitaji kupanda gari kwenda mjini, majirani wanatosha.

Kikao cha kwanza kilichukua saa moja na nusu. Mama na mimi tuliitwa mwanzoni, kisha tukaombwa tukae nje, jambo lililomuudhi mama kidogo. Yaliyojiri ndani nayaandika kama kijana alivyonisimulia na kuniruhusu, na nimebadili mambo mawili matatu ili asitambulike. Dada yule hakuanza na mawaidha. Aliuliza: fikra huja lini? Hukwambia nini hasa? Ukiisha kuosha, utulivu hukaa kwa muda gani? Akachora duara kwenye karatasi: shaka, kisha hofu, kisha kuosha, kisha nafuu fupi, na mshale ukarudi kwenye shaka. Kijana anasema alipoliona duara lile alilia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maisha yake yakiwa nje ya kichwa chake.

Halafu akapimwa. Tumezoea vipimo vya damu na mkojo. Kumbe hata waswasi una kipimo. Ni maswali 10 yaliyotungwa na wataalamu wa Marekani wa vyuo vikuu vya Yale na Brown, kila jibu likipewa alama 0 hadi 4, hivyo jumla haizidi 40. Kijana wetu alipata 31. Mwenye sonona naye ana kipimo chake cha maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama hizi husaidia baadaye kujua kama tiba inafanya kazi, badala ya kubahatisha kwa kumtazama mtu usoni.

Akaulizwa pia, waziwazi na kwa sauti ile ile, kama amewahi kufikiria kujiua. Alijibu ndiyo, na kwamba hakuwa amemwambia mtu. Wazazi wengi huogopa kuliuliza swali hilo wakidhani litamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wanasema sivyo. Aliye nalo hupata nafuu anapoulizwa. Ugumu uliopo ni kwamba katika nchi yetu kujaribu kujiua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hivyo familia huficha hata mbele ya daktari. Kwa wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Sisi Waislamu tunajua uzito wa kujitoa roho katika dini yetu, na sina nia ya kuupunguza. Lakini aliyefikwa na wazo hilo anahitaji kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Siku ile ile mama alipewa maelekezo: asimwache peke yake usiku, vitu vya hatari viondolewe, na wapi wakimbilie hali ikizidi. Daktari wa kliniki akaongeza vidonge, kwa kuwa katika maradhi haya dawa na mazungumzo husaidiana.

Kikao cha pili niliitwa ndani. "Ustadh," akasema, "leo wewe ndiwe mtaalamu. Udhu mdogo kabisa unaosihi ni upi?" Nikamweleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi fardhi zake ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata utaratibu huo. Kuosha mara moja kunatosha, mara tatu ni sunna, na kuzidisha hapo ni makuruhu. Nikaongeza kuwa imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi kinachokadiriwa kutofika lita moja. Aliandika yote. Kisha akasema: "Basi sitamwomba afanye pungufu ya hapo hata siku moja. Nitamwomba aishie hapo hapo, halafu aondoke na shaka yake bila kuiosha."

Kiini cha tiba yenyewe ni hicho. Mgonjwa huandika orodha ya yale anayoyaogopa, kuanzia jepesi hadi zito, kama mtu anayepanga vipandio vya ngazi. Kwa kijana wetu kipandio cha chini kilikuwa kugusa ukingo wa ndoo ya dagaa na kukaa dakika 40 bila kunawa. Hofu hupanda, tena hupanda sana. Anaipa alama kati ya 0 na 100 na kuiandika daftarini kila baada ya dakika tano. Akivumilia bila kuosha, hofu hushuka yenyewe. Kesho yake haipandi juu kama jana. Wa mwanzo kuandika kuhusu njia hii alikuwa mwanasaikolojia Victor Meyer wa London, mwaka 1966, baada ya kuwatibu wagonjwa wawili waliokuwa wameshindikana. Sikutarajia kwamba jambo gumu namna hii laweza kuelezeka kwa urahisi namna hii. Kulitenda ni habari nyingine: siku ya kwanza kijana alitetemeka hadi kikombe cha chai kikamponyoka.

Kabla hatujaondoka alinigeukia. "Akikuuliza kuhusu udhu wake, unamjibu?"

"Namjibu. Ni wajibu wangu."

"Na akijibiwa, hutulia kwa muda gani?"

"Mpaka swala inayofuata."

"Basi, Ustadh, jibu lako nalo ni dumu la maji."

Nilikaa kimya. Alinifafanulia kwa upole kwamba swali la kweli hujibiwa mara moja, na mwenye kuuliza huondoka na elimu. Swali la ugonjwa halitafuti elimu. Linatafuta nafuu, na kila nafuu inayotolewa huukaribisha waswasi mwingine. Nilipewa sentensi ya kusema: "Hilo tulikwisha kulizungumza, ndugu yangu. Nenda na shaka yako." Mama naye alipewa yake, kwani nyumbani alikuwa akiulizwa kuliko mimi. Kwa mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu, sentensi ile ilikuwa chungu. Wiki ya kwanza niliisema nikitazama chini.

Niliporudi nilivifungua vitabu vyangu, kwa unyonge kidogo, nikitaka kujua kama wanazuoni wetu walikuwa kipofu kama mimi. Hawakuwa. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, sawa na 1223 Miladia, aliandika risala nzima kuhusu watu wenye waswasi katika twahara na swala. Na karne tatu kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya 850 na 934 huko Balkh katika Afghanistan ya leo, alitunga kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na nyingine ya afya ya nafsi. Maradhi ya nafsi aliyagawa katika hasira, hofu, huzuni na waswasi, na alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi. Alisema hayo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na chuoni kwetu, nikiri, nilisoma fiqhi ya maji kurasa kwa kurasa, nikatoka bila kulijua jina la al-Balkhi.

Siku za kusubiri kwenye benchi la kliniki zilinionyesha kwamba waswasi ni kipande kidogo tu cha kazi ya dada yule. Kuna mama aliyejifungua karibuni ambaye hasikii chochote anapomtazama mtoto wake. Kuna mwanafunzi aliyeletwa na mwalimu. Kuna mvuvi aliyeniambia mwenyewe kuwa tangu wenzake wazame hajaweza kukanyaga mtumbwi, na akilala husikia maji. Sisi watu wa ziwa tunayajua haya. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikitoka Bugolora kwenda Ukara, walikufa zaidi ya watu 220, wengi wao wa Ukara, ambao lugha yao ni ndugu na Kijita na Kikwaya cha huku kwetu. Maiti zilizikwa, na waliobaki hai wakaambiwa washukuru. Ni sahihi kushukuru. Lakini anayeshukuru mchana na kuamka usiku akipiga kelele bado ana jeraha, na lipo la kufanyiwa: husaidiwa kulisimulia tukio kwa utaratibu mpaka kumbukumbu ipungue makali, kisha hurudishwa kwenye maji hatua kwa hatua.

Siku moja niliwahesabu 19 kwenye foleni, na mtaalamu ni yule mmoja. Huduma hizi nchini zilijengwa juu ya madaktari na wauguzi zaidi kuliko wanasaikolojia. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ni ya tangu miaka ya 1920, enzi za Waingereza, na kwa muda mrefu kuugua akili kulimaanisha kusafirishwa kwenda huko. Baada ya uhuru vikaanzishwa vijiji vya utengamao kama Hombolo na Vikuruti, ambako wagonjwa waliishi wakilima, na miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark, ikaanza Kilimanjaro na Morogoro kuipeleka huduma hii hadi kwenye zahanati. Sheria ya Afya ya Akili ikatungwa mwaka 2008. Mwanasaikolojia amekuja nyuma ya hayo yote, na hajafika vijijini. Anayemhitaji humfuata.

Tatizo letu lililofuata lilikuwa hilo la kumfuata. Vidonge huchukuliwa vya mwezi, lakini tiba ya mazungumzo hudai uende kila wiki, kwa miezi kadhaa. Nauli ya mchomoko kwa watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana, ilikula faida ya siku tatu za dagaa, na dagaa wenyewe kijana alikuwa haudhurii tena gulioni. Baada ya kikao cha tatu mama alisema watapumzika kidogo. Nilimwelewa, nami nikaogopa.

Nilichoogopa kina mfano wake Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza msichana aliyekuwa akimtibu. Alijiua, na mama yake alimweleza daktari kwamba walitaka kumrudisha hospitali lakini walikosa nauli ya basi, dola 15. Mwaka uliofuata Chibanda aliwafundisha wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kuyapanga matatizo yao na kuyatatua moja baada ya jingine. Wazee wale waliuita ugonjwa kwa jina la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ndicho tunachokisema sisi tunaposema fulani "ana mawazo". Utafiti uliohusisha watu 573, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa waliopitia benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hata hivyo benchi lile ni la wale wenye shida nyepesi na za wastani. Kijana wetu alihitaji mtaalamu mwenyewe, na yeye yuko mjini.

Nikalirudisha jambo lile kwenye kamati, safari hii kwa ombi. Mjadala ulikuwa mkali kuliko ule wa madumu. Mhazini aliuliza nauli ya mgonjwa itoke fungu gani. Je, ni zaka, na kama ni zaka, kijana mwenye mtaji wa dagaa ni masikini? Mzee mmoja, yule yule aliyetaja jini, alisema kwamba mtaji uliolala ndani kwa maradhi si mtaji. Hatukuafikiana juu ya zaka. Tukaafikiana kwamba itoke kwenye sanduku la sadaka, kwa mgonjwa na msindikizaji mmoja, na daftarini iandikwe namba bila jina. Nilipiga hesabu mbele yao: nauli ya mwezi mzima haikufika nusu ya fedha ya maji aliyokuwa akimwaga.

Amehudhuria vikao tisa hadi sasa. Alama 31 zimeshuka hadi 17. Ramadhani ilimrudisha nyuma. Alianza kutema mate kutwa kwa kuogopa saumu itaharibika, na ikabidi ngazi ipangwe upya, nami niulizwe tena hukumu ya mate. Dagaa anauza, ingawa bado hunawa baada ya kila mteja wa kwanza wa siku. Udhu wake ni jagi moja, na ndani ya jagi hilo jasho humtoka.

Ijumaa iliyopita nilitoka nikamkuta amesimama mahali pake pa zamani, kando ya mlango. "Ustadh," akaanza, kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza. Watu wakapita katikati yetu wakitafuta viatu vyao. Alitazama chini, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu, kwa muda ambao naukadiria dakika mbili. Kisha akavaa kandambili zake akaelekea gulioni.